Kuiweka Reli ya Manyoni–Singida Mezani

Tawi la reli kutoka Manyoni hadi Singida lina urefu wa kilomita 115. Kwa kipimo cha 1:87, kinachotumiwa na vilabu vingi vya reli za mfano duniani, umbali huo unakuwa mita 1,322. Hakuna ukumbi wa shule utakaoumeza, kwa hiyo kazi ya kwanza ya msanifu ni kuamua nini kiachwe.

Vilabu vyenye uzoefu huukata umbali na kubakiza kazi. Hapa chaguo liko wazi: Manyoni, tawi linapoachana na Reli ya Kati, na Singida, reli inapoishia. Katikati yanatosha majabali machache ya Singida, treni ipotee nyuma yake kwa muda kisha itokeze upande wa pili.

Upana wa reli nao unatupendelea. Reli ya zamani ina milimita 1,000, ambazo mezani ni 11.5. Njia za milimita 12 zinauzwa tayari, kwa sababu wapenzi wa treni za milimani za Uswisi huzihitaji. SGR, reli mpya inayojengwa kutoka Makutupora (ya Manyoni, siyo ya Dodoma) kuelekea Tabora, ina milimita 1,435. Hizo zinakuwa 16.5, kipimo kinachopatikana kwa urahisi kuliko vyote. Reli zote mbili zinaweza kukaa meza moja.

Ugumu uko kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, ambao Reli ya Kati huupanda kati ya Saranda na Manyoni. Kichwa kidogo cha treni huanza kuteleza mwinuko ukizidi asilimia 2 au 3. Suluhisho la vilabu ni kuizungusha njia ndani ya mlima kama ngazi ya mnara. Mzunguko wenye nusu kipenyo cha sentimita 60 una njia ya mita 3.77, na kwa mwinuko wa asilimia 2 unapandisha treni sentimita 7.5. Mizunguko minne inaiweka Manyoni sentimita 30 juu ya Saranda. Kwangu mimi, hicho ndicho kipande chenye thamani kuliko vyote katika mpango huu.

Ila usanifu hupimwa treni zikianza kutembea. Singida ni mwisho wa reli, hivyo kichwa lazima kifunguliwe, kipite njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili. Behewa la mita 12 ni sentimita 14 mezani. Mabehewa sita pamoja na kichwa yanafika karibu mita moja. Njia hiyo ya pembeni ikipungua hata urefu wa behewa moja, kichwa kinanaswa na tawi zima linasimama. Kwa hiyo stesheni ya Singida ndiyo inayopanga urefu wa kila treni ya tawi.

Njia ni moja, basi kila kipande kiwe na fimbo yake ya ruhusa, na asiyeishika haendeshi. Kila behewa lipewe kadi: saruji inashushwa wapi, alizeti inapakiwa wapi. Saa ya klabu ikimbie mara sita, ili dakika kumi ziwe saa nzima. Hapo mtoto anayeshika zamu Manyoni ataelewa kwa nini treni husubiri.

Walimu wa ufundi mkoani Singida, msingoje fedha za mpango wote. Anzeni na stesheni ya Singida peke yake: ubao wa mita tatu, kichwa kimoja, mabehewa sita.