Kusikiliza kwa Kuongozwa: "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco, kijana mzaliwa wa Bunkeya, akipiga gita mtaani Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akamrekodi. Miongoni mwa rekodi hizo imo "Masanga". Katalogi ya santuri za Tracey, iliyochapishwa mwaka 1973 katika juzuu mbili, humwongoza msikilizaji kwa kutaja mpigaji, lugha, mahali, ala na aina ya wimbo. Ni kazi ambayo mtafiti hawezi kuikwepa. Hata hivyo, anayeisoma huujua wimbo ulikotoka kabla ya kujua umeundwaje.

Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi na David Rycroft, aliyechambua upigaji gita wa Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, akiuandika kwa nota. Mwenda hutumia vidole viwili tu: gumba hushika nyuzi nene, cha shahada hupiga nyembamba, kila kimoja kikionekana kushika njia yake. Sikio lisiloelekezwa hudhani wapigaji ni wawili. Likielekezwa kufuata gumba peke yake, kisha santuri ikirudiwa lifuate cha shahada, hutambua kwamba duru ile fupi, kila inaporudi, hairudi vile vile.

Je, huu si muziki wa kiwango cha klasiki? Vitabu vya kuongoza usikilizaji huipokea kwa wepesi zaidi "Missa Luba", iliyoandaliwa Kamina na Padri Guido Haazen na kurekodiwa mwaka 1958, pengine kwa sababu ina kwaya na Kilatini. Ajabu ni kwamba misa hiyo nayo ilikua kutokana na ubunifu wa papo kwa papo wa waimbaji, sifa ile ile inayomfanya mpiga gita wa mtaani aainishwe kama mtumbuizaji.

Kasoro kubwa zaidi inawahusu wanafunzi wa Kiswahili wenyewe. Uchambuzi umeegemea mno gita, ilhali Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, chenye lafudhi na sarufi yake, na ambacho wengi hukiona kama usanifu ulioharibika. Mwongozo ulioandikwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya darasa la Likasi au la Dar es Salaam, ungeanza na sauti yake: silabi ipi inaangukia juu ya gumba, ipi inasubiri kidole cha shahada, na ni wapi mwimbaji ananyamaza ili gita limalizie.