Vina na Mizani katika Minara ya Mississauga

Mississauga, mji ulio magharibi ya Toronto nchini Kanada, ulipata hadhi ya jiji mwaka 1974. Umekua kama vilivyokua viunga vingi vya Amerika ya Kaskazini: nyumba za chini zenye bustani, barabara pana, na jengo kubwa la maduka lililochukua nafasi ya soko. Hapo, penye makutano ya barabara za Hurontario na Burnhamthorpe, imesimama minara miwili ya makazi iliyokamilika mwaka 2012, mmoja wa ghorofa 56 na mwenziwe wa ghorofa 50. Jina lake rasmi ni Absolute World. Watu, kwa kuuona mnara wa kwanza una kiuno, waliuita Marilyn Monroe hata kabla haujajengwa.

Jina hilo limeipunja kazi yenyewe. Kusifu kiuno ni kusifu kinachoonekana kwa mbali, na swali la namna kazi ilivyotungwa hubaki halijaguswa. Ma Yansong, ambaye ofisi yake ya MAD ilianzishwa Beijing mwaka 2004, alishinda shindano la ubunifu mwaka 2006 kwa mnara mmoja tu. Nyumba zake ziliponunuliwa upesi, wenye mradi wakaagiza wa pili.

Katika ule mrefu zaidi, kila ghorofa ni duaradufu ile ile. Hairefushwi wala haifinywi, bali huzungushwa nyuzi moja hadi nane juu ya ghorofa iliyo chini yake, hata kufika kileleni mzunguko wote ukawa nyuzi 209. Kuta za zege zinazobeba uzito hurefuka na kufupika kuufuata mzunguko huo.

Wapenzi wa ushairi wanaukumbuka mgogoro uliopamba moto baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, pale walioshika kanuni alizozieleza Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi, mwaka 1954, walipokataa kuuita ushairi utungo usio na vina wala mizani. Minara hii yaweza kudhaniwa ni utungo huru. Kumbe imefungwa na kanuni kali: mizani ni ile ile katika kila mshororo, na kinachobadilika ni mahali kina kinapoangukia. Uzuri wake umezaliwa na kanuni hiyo, wala si kwa kuivunja.

Ila ipo kasoro, nayo si ndogo. Kila ghorofa imezungukwa na roshani isiyokatika, yenye kuwapa wakaazi wote hewa na kivuli. Mtu wa pwani ataikaribia kuiita baraza, kisha atasita. Baraza imeshikamana na ukuta wa mbele ili jirani akae na mgeni asalimiwe. Roshani hizi zinamwonesha mkaazi upeo wa macho na kumnyima mpita njia. Minara inazungumza vyema na aliye ndani ya gari, mbali. Apitaye kwa miguu haambiwi mengi.

Miji ya pwani nayo inajenga kwenda juu. Wajenzi wake wana la kujifunza Mississauga kuhusu nidhamu ya umbo. La namna nyumba inavyoipokea njia, walimu wao wako Mji Mkongwe na Lamu.