Sanamu za Kanisa na Macho ya Mkusanyaji

Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoanzishwa mwaka 1986, limeliweka kanisa lake kuu chini ya jina la Mtakatifu Kilian. Msomaji wa Kilutheri aweza kuuliza mmonaki wa Ireland, aliyeuawa huko Würzburg mnamo mwaka 689, ana uhusiano gani na Wamatengo na ngoro zao na kahawa yao. Jibu la kihistoria si gumu: majimbo ya Würzburg na Mbinga yamefungwa na uhusiano wa kidugu tangu mwaka 1989. Lakini jina hilo latufikisha kwenye jambo jingine lihitajilo kupimwa kwa makini, yaani sanamu na samani za kale za makanisa ya Ulaya, na jinsi zinavyotazamwa na watu wazinunuao.

Würzburg ulikuwa mji wa mchongaji Tilman Riemenschneider, aliyefariki mwaka 1531. Kati ya mwaka 1490 na 1492 alichonga altare kubwa ya Maria Magdalena kwa ajili ya kanisa la Münnerstadt, katika jimbo hilohilo. Aliiacha bila rangi. Waumini hawakuridhika, na mnamo mwaka 1504 akaitwa Veit Stoss kuipaka rangi na kuongeza picha za kuuawa kwa Kilian. Baadaye altare ilivunjwa. Leo Magdalena yuko katika jumba la makumbusho mjini Munich, Wainjilisti wanne wako Berlin, na Kilian na Elizabeti wamebaki Münnerstadt. Altare hiyo si ya pekee. Mwaka 1803 watawala wa Ujerumani walipozifuta nyumba nyingi za watawa na kutwaa mali zake, vyombo vya ibada visivyohesabika viliingia sokoni, na soko hilo likazaa namna yake ya kuandika, nayo ni katalogi ya mnada.

Katalogi huuliza maswali yaleyale kila mara. Ni mkono wa nani? Ni mwaka gani? Ni mti gani? Kidole gani kimetengenezwa upya, na nani aliimiliki sanamu hii kabla ya leo? Siyadharau maswali hayo. Bila subira ya wakusanyaji, kazi nyingi zingeliwa na wadudu au kuishia jikoni kama kuni. Lakini tazama yasiyoulizwa. Wainjilisti walioko Berlin walikuwa wameketi sehemu ya chini kabisa ya altare, na kila kilichokuwa juu yao, Magdalena na watakatifu wengine wote, kilisimama juu ya Injili nne. Hayo yalikuwa mahubiri yaliyochongwa, na mkristo asiyejua kusoma aliweza kuyafahamu. Watenge wazee hao wanne, uwaweke kila mmoja chini ya taa yake, nao watakuwa wazee wanne wenye vitabu. Katalogi itaendelea kuwaita Wainjilisti, na itakuwa sahihi, ila maana yao imebaki Münnerstadt.

Tofauti kati yetu na mkusanyaji huonekana zaidi katika suala la nakala. Katika kanisa la Neumünster, Würzburg, palikuwa na sanamu za vichwa vya Kilian na wenzake wawili, Kolonat na Totnan, kazi ya Riemenschneider. Ziliungua mji ulipopigwa mabomu tarehe 16 Machi 1945. Zilizopo sasa ni nakala. Kwa mnunuzi, nakala ni kitu hafifu, karibu si kitu. Kwa watu wanaokusanyika pale, kazi iliyokusudiwa inaendelea kufanyika. Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Wako wachungaji wetu watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wakatoliki. Hao wamsome Luther upya. Karlstadt alipotoa kijitabu chake dhidi ya sanamu, Januari 1522, na fujo zikaenea Wittenberg, Luther alirudi kutoka Wartburg, na kuanzia tarehe 9 Machi akahubiri siku nane mfululizo. Hoja yake ilikuwa kwamba sanamu si amri wala si katazo. Hatari ni kudhani kwamba aliyeisimamisha amemtendea Mungu jambo la kustahili thawabu. Mji wa Rothenburg ulipokea Matengenezo mwaka 1544, nao ulikuwa na altare nyingine ya Riemenschneider, iliyotengenezwa kutunza masalia ya Damu Takatifu, fundisho ambalo Walutheri hatulishiki. Altare haikuvunjwa wala kuuzwa, na ingali katika kanisa la Mtakatifu Yakobo. Anayesimama katikati ya Karamu ya Bwana, mbele ya macho ya kila anayekuja mezani, ni Yuda, na mfuko wake wa fedha mkononi. Sijaona mahubiri makali kuliko hayo kuhusu kujihoji kabla ya Meza ya Bwana, na sidhani yangesikika vilevile sebuleni mwa tajiri.

Turudi kwetu. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Wakristo Waanglikana wa Liuli na Mbamba Bay walikuwa chini ya askofu mwenye makao Likoma, ng'ambo ya ziwa, hadi mwaka 1952. Katika kanisa kuu la Likoma umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Mkusanyaji angeulipia kwa sababu ya Livingstone. Waliopiga magoti mbele yake walimtazama Msulubiwa.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuchukua mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyolindwa vyenyewe. Kinara au sanamu iliyoletwa na wamisionari ni changa kuliko hapo, na bila tamko maalumu la Waziri hailindwi kwa kifungu hicho. Wakatoliki wana kanuni ya 1190, inayokataza kuhamisha moja kwa moja sanamu zinazoheshimiwa sana na waumini bila ruhusa ya Roma. Sisi tusiwacheke. Baraza la wazee la usharika, likihitaji mabati, laweza kuuza mimbari ya kale kwa mgeni wa kwanza apitaye, au kuitupa kwa kupenda vigae na viti vya plastiki, na katika hali zote mbili hakuna atakayeandika ilisimama wapi.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila usharika uwe na daftari la vyombo vyake, lenye picha, jina la mtoaji, mahali chombo kiliposimama, na ibada gani kilitumika. Mwanafunzi atafutaye mada ya tasnifu aweza kuanzia Liuli, kwa idhini ya ndugu zetu Waanglikana, maana wazee waliobatizwa mbele ya vyombo hivyo wangali wanaweza kuulizwa.