Mtoto Akae Wapi: Kusoma Fani ya Baiskeli ya Familia

Anayetafuta baiskeli ya kubebea watoto huanza na bei, kisha uzito, kisha rangi. Maswali hayo ni halali, ila yote yako upande wa maudhui: chombo kinabeba nini, na kwa gharama gani. Swali la fani huja mwisho, au haliji kabisa. Mtoto akae wapi, ukilinganisha na yule anayenyonga pedeli? Mbele yake, nyuma yake, katikati ya mikono yake, au ndani ya tela linalofuata? Kwangu hilo ndilo swali la kwanza. Jibu lake ndilo linaloamua nani amwone nani, nani asikie nini, upepo umpige nani, na baiskeli ikiyumba nani atangulie chini. Vifaa hivi vinastahili uhakiki wa muundo, kiungo kwa kiungo, kabla hatujafika kwenye bei.

Nianze na sanduku la mbele, maana ndilo umbo lenye hoja nzito zaidi. Mwaka 1984, katika mtaa wa Christiania jijini Copenhagen, Lars Engstrøm alimtengenezea mwenzake Annie baiskeli ya magurudumu matatu: mawili mbele, moja nyuma, na sanduku la mbao juu ya yale mawili. Magari hayakuruhusiwa ndani ya mtaa ule, kwa hiyo watu walihitaji kitu cha kubebea mizigo na watoto. Msomaji wa Dar es Salaam atalitambua umbo hilo mara moja, kwa kuwa ni lilelile la baiskeli ya aiskrimu: sanduku mbele, mtu nyuma, na ukigeuza usukani sanduku zima linageuka.

Hilo la mwisho ndilo la kutazamwa kwa makini. Mtoto aliyemo sandukuni anageuzwa kabla mama yake hajageuka. Kona ni yake kwanza. Chombo kikisimama hakianguki, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu anayepakia watoto wawili wenye usingizi asubuhi ya mvua. Lakini magurudumu matatu hayawezi kulala kwenye kona kama yanavyolala mawili. Ingia kona kwa kasi, na gurudumu la ndani litanyanyuka. Utulivu wa kusimama umenunuliwa kwa utulivu wa kwenda, na anayeuza hana budi kumwambia mnunuzi hivyo.

Umbo la pili la sanduku lina magurudumu mawili tu. Asili yake ni Denmark ya miaka ya 1920, kwenye baiskeli ndefu za kupelekea bidhaa zilizoitwa Long John: gurudumu dogo limesukumwa mbali mbele, mzigo umelazwa chini katikati, na chuma kirefu kinachopita chini ya mzigo kinapeleka amri ya usukani hadi kwenye gurudumu. Karibu na mwaka 2000, Maarten van Andel wa Uholanzi alilichukua umbo hilo akaliwekea sanduku la watoto, na leo mtu akitaja bakfiets, yaani baiskeli ya sanduku kwa Kiholanzi, wengi hulifikiria hilo. Hapa sanduku haligeuki, gurudumu pekee ndilo linalogeuka. Uzito uko chini, kwa hiyo mwendo umetulia. Mtoto anakaa karibu na lami, utosi wake ukiwa mbele ya macho ya mzazi, na wanazungumza kwa sauti ya kawaida. Sijaona umbo jingine la baiskeli linaloruhusu mazungumzo marefu kiasi hiki kati ya mtu mzima na mtoto wa miaka mitatu. Anauliza, anajibiwa, ananyoosha kidole, na mzazi anaona anachokinyooshea.

Lakini angalia ni nani anayetangulia. Pua ya sanduku iko zaidi ya mita moja mbele ya macho ya mwendeshaji. Kwenye njia panda yenye ukuta au magari yaliyoegeshwa, mtoto anaingia barabarani kabla mzazi hajaweza kuona kinachokuja. Umbo hili linahitaji mtaa uliokwisha kutengenezwa kwa ajili yake. Uholanzi ilifika hapo kwa uchungu: mwaka 1971 watu takriban 3,300 walikufa barabarani nchini humo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto, na miongoni mwa harakati zilizofuata ni ile iliyojiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Njia za baiskeli zilizotengwa na magari zilidaiwa na wazazi, na ndizo zinazolifanya sanduku la mbele liwe chaguo la busara. Peleka sanduku lilelile kwenye barabara kuu isiyo na ukingo wa kupitia, na fani iliyokuwa upendo inageuka hatari.

Dosari nyingine mbili za sanduku hazizungumzwi vya kutosha. Moja ni baridi. Mzazi anatoka jasho kwa kunyonga, huku mtoto asiyesogea anapigwa na upepo na kupoa, kwa hiyo turubai ya juu si pambo. Nyingine ni fremu. Mzigo wote umewekwa katikati ya magurudumu mawili yaliyoachana sana, mahali ambapo hakuna kinachoibeba fremu kutoka chini. Februari 2024 mamlaka ya Uholanzi ya usalama wa bidhaa, NVWA, iliiamuru kampuni ya Babboe isitishe kuuza baiskeli zake za mizigo kwa sababu fremu zake zilikuwa katika hatari ya kuvunjika. Anayenunua ya mitumba apige magoti, apanguse tope, na akague kila kiungo kilichochomelewa kabla hajatazama mto wa kukalia.

Viti vidogo vya kufungwa kwenye baiskeli ya kawaida vinasomeka haraka. Kiwango cha Ulaya EN 14344 cha mwaka 2004 kiliweka kiti cha mbele kwa mtoto wa kilo 9 hadi 15, na cha nyuma kwa kilo 9 hadi 22. Cha mbele kinamweka mtoto ndani ya mikono ya mzazi, na mikono yenyewe inakuwa uzio. Ni umbo zuri mno, ila maisha yake ni mafupi, kwa sababu mtoto anakua na magoti ya mwendeshaji yanakosa nafasi. Cha nyuma kinadumu zaidi lakini kinamwonyesha mtoto mgongo tu. Hapo kagua mambo matatu: mikanda ya mabega na kiunoni, kinga ya miguu inayozuia vidole visiingie kwenye spoki, na springi za siti ya mzazi, kwa kuwa mtoto anayekaa nyuma yake hupeleka vidole hukohuko. Mtoto asiyeweza bado kukaa mwenyewe na kushikilia shingo hafai kwa kiti chochote kati ya hivi.

Kuna umbo moja ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulihakiki kama mwenyewe. Ni baiskeli ya mkia mrefu, ambayo gurudumu la nyuma limerudishwa nyuma ili keria ibebe watoto wawili au watatu waliopangana. Mmarekani Ross Evans alianza kulifanyia kazi wazo hilo Nicaragua katikati ya miaka ya 1990, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Xtracycle. Baadaye kampuni ya Yuba ya California iliipa mojawapo ya baiskeli zake jina la Boda Boda. Jina hilo halikutoka hewani. Tangu miaka ya 1960 mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, ulikuwa na vijana waliobeba abiria kwenye keria zilizowekewa mto. Soma orodha ya vifaa vya ziada vya mkia mrefu leo: mto wa keria, vyuma vya kukanyagia miguu, mshikio nyuma ya siti ya mwendeshaji. Mafundi wa kuchomelea wa Busia na Kisumu walikuwa wakivifunga vitu hivyo kwa sababu abiria waliomba, na abiria asiyeridhika hupanda baiskeli ya jirani. Fani hii imekomaa mikononi mwa watu waliokula kwayo, na ningependa sifa hiyo itajwe waziwazi kila inaposifiwa Ulaya na Marekani.

Kilichoongezwa na wabunifu wa huko nacho ni cha maana: uzio wa bomba unaozunguka watoto, na mbao pana zinazofunika gurudumu la nyuma ili mguu usifike kwenye spoki. Kinga hiyo ya pili ni rahisi kiasi kwamba fundi yeyote wa Kahama au Kakamega anaweza kuifunga kwenye keria ya kawaida kwa kipande cha ubao au wavu mgumu. Kasoro inabaki kwenye macho. Watoto wako nyuma, wakigombana au wakisinzia, na mzazi anajua kwa kusikia tu.

Tela ndilo chombo cha safari ndefu, na ndilo lililonigawanya moyo zaidi. Kama muundo, ni kibanda kilichokatwa kutoka kwenye mazungumzo. Mtoto anakaa chini, nyuma ya tairi linalorusha maji na vumbi (madigadi yenye ulimi mrefu ni lazima), akitazama nje kupitia wavu. Kwa mazungumzo ni umbo maskini. Kwa usingizi, mvua, jua na vitu vya kuchezea halina mpinzani, na mtoto wa miaka miwili safarini hulala sana. Kiungio cha kawaida hushika kwenye ekseli ya nyuma, chini, na kinazunguka au kupinda kiasi kwamba baiskeli ikianguka tela hubaki limesimama. Hiyo ndiyo hoja yake kubwa ya usalama. Hatari yake ni kona: tela hukata ndani zaidi kuliko baiskeli, na gurudumu lake la ndani likipanda ukingo wa barabara kwa kasi, tela linapinduka. Kwa hiyo kona zichukuliwe pana na polepole, na kioo cha nyuma kifungwe kwenye usukani. Sheria ya Ujerumani inaruhusu watoto wawili ndani ya tela mpaka watimize miaka saba, na anayevuta awe na miaka 16 au zaidi.

Mzigo wake nao usomwe kwa hesabu. Mzazi wa kilo 65, baiskeli kilo 15, tela kilo 14, watoto wawili kilo 30, hema na nguo kilo 20: jumla kilo 144. Mteremkoni zote hizo zinasimamishwa na tairi mbili za baiskeli, maana matela mengi hayana breki zake. Hapo breki nzuri za diski na gia nyepesi ya kupandia zina thamani zaidi kuliko fremu ya bei kubwa. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli ya tela. Vikirundikwa nyuma kabisa, mkono wa tela unanyanyua gurudumu la nyuma la baiskeli.

Linabaki umbo ambalo mtoto si mzigo tena. Kwenye Pino ya kampuni ya Hase ya Ujerumani, mtoto anakaa mbele, ameegemea nyuma, miguu kwenye pedeli zake, na barabara yote iko wazi mbele yake; mzazi aliye nyuma anashika usukani na kuona juu ya kichwa chake. Mtoto anaweza kuacha kunyonga bila kumsimamisha mzazi. Anapata mandhari na kazi kwa wakati mmoja, na sanduku lilimpa mandhari tu. Nusu-baiskeli inayofungwa kwenye bomba la siti inampa kazi, lakini inamrudisha nyuma ya mgongo, na kwa kuwa imeshikwa juu, kila anapotikisika mzazi anasukumwa pembeni.

Chukua sasa njia ya Danube kutoka Passau hadi Vienna, kilomita zipatazo 320 kwa kufuata mto, karibu tambarare yote, sehemu kubwa mbali na magari, na familia yenye watoto wa miaka miwili na sita. Mdogo ningempa tela, kwa ajili ya usingizi wake. Mkubwa nisingemtia humo. Ningechukua kiungio cha FollowMe, ambacho kinashika baiskeli yake mwenyewe kwenye ekseli ya nyuma ya mzazi wa pili na kuinua gurudumu lake la mbele hewani. Kiko chini, kwa hiyo hakiyumbishi sana, na kinaacha nafasi ya mifuko ya pembeni. Njia ikiwa tulivu kinafunguliwa, gurudumu linashuka, na mtoto anaendesha mwenyewe mpaka achoke, kisha anafungwa tena. Kabla ya kulipa, pima gurudumu la baiskeli yake na ekseli ya mzazi, kwa kuwa si kila ekseli inakikubali, kisha jaribuni kufunga na kufungua mara kadhaa nyumbani huku mtoto mwenyewe akishika baiskeli.