Kusoma Tope la Ziwa

Mvua ikinyesha Nyamira, mto Gucha hubadilika rangi. Udongo mwekundu wa mashamba ya chai na migomba huteremka hadi Kisii, ukapita Migori, ambako mto huitwa Kuja, ukaishia Ziwa Victoria. Sisi wa milimani twaita hali hii hasara, na ni hasara kweli. Ila huko ziwani wapo watafiti wanaouthamini mpangilio wa udongo huo unapotuama: tope la chini ni la kale, la juu ni la juzi. Kazi yao ni kulitoa bila kuuvuruga.

Mwaka 1955 mtafiti Daniel Livingstone alieleza chombo chepesi cha kazi hiyo, bomba lenye pistoni ndani. Pistoni hushikiliwa na waya isisogee. Bomba husukumwa chini likaipita, na tope likaingia bila kushindiliwa. Naupenda ujanja huu kwa kuwa kinachofanya kazi kubwa ndicho kilichotulia.

Robert Kendall alilisoma tope la namna hiyo kutoka ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda, akachapisha mwaka 1969 historia ya mimea ya bonde zima. Kinachosomwa ni chavua. Huchukuliwa tope kiasi cha ncha ya kidole. Asidi moja huondoa chokaa. Nyingine, kali hata hula kioo, huondoa mchanga. Ni kama kazi ya mchongaji wa mawe wa Tabaka, kule Kisii: hakuna kuongeza, ni kupunguza tu mpaka kilichotakiwa kibaki. Chavua hubaki kwa sababu ganda lake halisalimu amri kwa asidi hizo.

Halafu ni kuhesabu kwa hadubini, mamia ya chembe kwa kila sampuli. Ya nyasi ni tufe lenye tundu moja. Ya mti wa podo ina mifuko miwili ya hewa, nayo husafiri mbali kwa upepo. Ya mahindi ni kubwa na haifiki mbali. Mimea inayotegemea nyuki huacha chavua haba mno. Kwa hiyo anayekuta podo nyingi hakurupuki kusema msitu wote ulikuwa podo. Sharti ajue pia nani amenyamaza.

Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walieleza walichokuta chini ya tope laini la Ziwa Victoria: udongo mgumu wenye alama za mizizi. Ziwa lote lilikuwa limekauka, mimea ikaota sakafuni mwake, kisha maji yakarudi yapata miaka 15,000 iliyopita.

Nchi kavu nayo ina kumbukumbu zake. Karungu, ufukweni Migori, Emily Beverly na wenzake walisoma udongo wa kale uliofukiwa pamoja na jivu la volkano la karibu miaka 49,000. Mvua nyingi huosha kalsiamu na magnesiamu, alumini ikabaki. Ukipima uwiano wa elementi hizo unapata makadirio ya mvua ya wakati ule. Walichapisha mwaka 2015 kwamba ilikuwa pungufu kuliko ya leo. Lakini kanuni waliyoitumia huja na kosa lake: milimita 108 kwa mwaka, juu au chini, nalo huandikwa palepale kando ya jibu. Kwangu mimi, tarakimu hiyo ya pembeni ndiyo inayonifanya niamini ile ya katikati.