Video za masega: bei tumeisikia, kazi je?

Bila shaka umeshatumiwa mojawapo. Fundi kalala chini ya gari, anakata kipande cha ekzosi, anakipasua, ndani kuna kitu chenye vitundu kama sega la nyuki. Sauti inasema: humu mna rodi, ghali kuliko dhahabu! Bei inapita kwenye skrini. Mwisho.

Tuanze na hiyo bei. Ukiona dola 29,000 kwa wakia, jua ni ya Machi 2021, siku za kilele. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 5,000. Halafu wakia ni gramu 31, wakati masega ya gari dogo mara nyingi hayana hata gramu moja ya rodi, tena imepakwa nyembamba mno juu ya kauri. Hilo halisemwi. Ndiyo maana mtu anaenda kuuza akiota kiwanja, anarudi na hela ya mafuta.

Kinachoniudhi zaidi ni ile kauli ya "ni ghali kwa sababu ni adimu". Osmi nayo ni adimu, mbona hakuna anayekata ekzosi kuitafuta? Rodi ina kazi ambayo platini na paladi, wenzake humo humo ndani, hawaiwezi vizuri kama yenyewe. Injini ikiwa moto, naitrojeni na oksijeni za hewani zinaungana kuwa gesi chafu. Molekuli ya gesi hiyo ikinasa kwenye rodi, inavunjika: atomi za naitrojeni zinashikana mbili mbili na kurudi hewani bila madhara, oksijeni inachukuliwa na kaboni monoksidi. Rodi yenyewe haiishi, inasubiri molekuli nyingine. Video ya dakika tatu ingeweza kuonyesha hili, bwana!

Na bei ikipanda, huwezi tu kuchimba zaidi. Sehemu kubwa ya rodi ya dunia inatoka Afrika Kusini, na inapatikana kama ziada katika uchimbaji wa platini. Hakuna anayefungua mgodi kwa ajili ya rodi peke yake.

Nyingine zinakuambia eti ukiyatoa gari litavuta vizuri. Masega yaliyoziba yanabana injini, kweli. Mazima? Tofauti utakayoisikia ni ndogo, ila moshi wako sasa unatoka na gesi ile ile ambayo, ikikutana na jua letu la mchana, inasaidia kutengeneza ozoni ya karibu na ardhi, inayochokoza mapafu. Anayeivuta kwanza ni dereva wa bodaboda aliye nyuma yako kwenye foleni, na mtoto anayesubiri daladala.

Mimi nangoja video moja tu: gari lile lile, kipima moshi nyuma ya ekzosi, kabla fundi hajakata na baada ya kukata. Ukiipata, nitumie.