Fungu Moja, Maneno Mawili

Twaa insha ya Kiingereza uliyoiandika juzi, uitazame kwa jicho la mgeni. Yamkini utakuta humo "alot", ulilolitumia kutaja wingi wa watu, wa mvua au wa kazi. Neno hilo halimo katika Kiingereza sanifu. Maneno sahihi ni mawili: "a lot".

Kosa hili si la uvivu. Lina chanzo chake. Ulimi hausimami kati ya maneno hayo, kwa hiyo sikio husikia neno moja, na mkono huandika lile lililosikiwa. Lakini mwandishi hana budi kujua zaidi ya sikio lake.

Basi nenda sokoni Kakamega. Utaona nyanya zimepangwa mafungu mafungu, kila fungu na bei yake, na mnunuzi husema, "Mama, nipe fungu moja." Maana ya "a lot" i karibu sana na hiyo. Hapo kale "lot" kilikuwa kijiti au kitu kingine cha kupigia kura. Kisha likawa jina la sehemu aliyoipata mtu kwa kura. Kisha fungu la bidhaa mnadani. Mwisho, wingi wowote. Ile "a" iliyo mbele yahesabu fungu, kwamba ni moja. Nani kati yetu angeandika "fungumoja"?

Utaniuliza: mbona "another" ni neno moja, na asili yake ni mawili? Swali lako ni la haki. Hata sisi twasema mwenzangu, yaani mwenzi wangu. Na katika Alhamisi limo neno dogo la Kiarabu, "al", lililogandana na jina la siku. Lugha huunganisha maneno, lakini kwa mapatano ya watu wengi na kwa muda mrefu. Juu ya "a lot" mapatano hayo hayajafikiwa. Anayeyaunganisha peke yake ni kama mchuuzi apimaye mahindi kwa gorogoro aliyojitengenezea mwenyewe: hata akiwa mwaminifu, wanunuzi watamshuku.

Hapo ndipo penye hasara. Barua yako ya kuomba kazi husomwa na mtu asiyekujua, ambaye hana cha kukupimia ila maandishi yako. Kosa dogo katika mstari wa kwanza laweza kumtia shaka juu ya mengi ya kweli yanayofuata.

Ukisahau, tia "whole" katikati. "A whole lot" husemwa, nawe utaona kwamba palikuwa na nafasi tangu mwanzo. Jihadhari pia na "allot", lenye "l" mbili, ambalo maana yake ni kugawa. Na urudipo kwenye Kiswahili, usiandike "kwasababu". Andika "kwa sababu". Mipaka ya maneno ni kama mipaka ya mashamba: aijuaye huishi kwa amani na jirani zake.